Kufundisha Ukatili wa Zamani Shuleni: Ziara, Ushuhuda, Nyaraka au Igizo?

Mwalimu wa Historia anapofika kwenye mada ya mauaji ya halaiki huwa na vipindi vichache vya dakika arobaini, wanafunzi wengi kuliko madawati, na mkuu wa shule anayetaka kujua kama jambo hilo hutoka kwenye mtihani. Juu ya hayo kuna uamuzi ambao hakuna anayemsaidia kuufanya. Awapandishe watoto kwenye basi wakayaone makaburi? Amwite aliyeshuhudia aje awasimulie? Awagawie karatasi wasome? Au awaache waigize? Njia zote nne zinatumika katika shule za Afrika Mashariki, na kila moja ina watetezi wanaoapa kwamba nyingine ni kupoteza muda.

Mfano nitakaouegemea zaidi ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994, kwa sababu hayako mbali nasi hata kidogo. Mto Kagera uliibeba miili hadi Ziwa Victoria, na wavuvi na wanakijiji wa upande wa Uganda wakaizika. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya muda wa siku moja hivi. Na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyowahukumu wahusika wakuu iliketi Arusha mpaka mwisho wa 2015. Songea (vita vya Maji Maji), Mkunazini (soko la watumwa la Unguja) na Mandera (shambulio la basi nchini Kenya) nitazigusa pale zinapohitajika.

Tunapima kwa vigezo gani

Cha kwanza ni umri. Hapa hata makumbusho makubwa hayakubaliani. Yad Vashem kule Jerusalem haiwaruhusu watoto walio chini ya miaka 10 kuingia katika jumba lake la historia ya mauaji ya Wayahudi. Makumbusho ya Washington, ya Marekani kuhusu mauaji hayo hayo, yanashauri onyesho lake kuu liwe la miaka 11 na kuendelea. Auschwitz yenyewe, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi kule Poland, inashauri walio chini ya 14 wasipelekwe. Mwalimu asitafute namba moja ya kushikilia, lakini aone kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao anayempendekeza mtoto wa darasa la tatu.

Cha pili ni ukweli, yaani kama alichosikia mtoto kinaweza kuhakikiwa na mtu mwingine. Cha tatu ni gharama, na sisemi fedha peke yake, kwa kuwa usiku wa mwalimu nao ni gharama. Cha nne ni nani wameketi darasani: wapo watoto wa familia zilizoumizwa, wapo wa familia zilizoumiza, na mara nyingi mwalimu hajui yupi ni yupi.

Cha tano ndicho kizito kuliko vyote. Je, njia hii inafika kwenye kuvumiliana? Mtoto anaweza kuangalia mafuvu, akalia, akarudi nyumbani na chuki mpya dhidi ya kabila au dini fulani. Somo limeshindwa hapo, hata kama machozi yalikuwa mengi. Kwa maoni yangu, dalili ya njia nzuri ni moja: inamwonyesha mtoto watu waliokuwa na uamuzi wa kufanya, na walichoamua.

Njia ya kwanza: ziara kwenye eneo la kumbukumbu

Gisozi, Kigali, ndipo pa kwanza kutajwa. Kumbukumbu ile ilifunguliwa 2004, na zaidi ya watu 250,000 wamezikwa pale. Ndani, mgeni anapitishwa kwanza kwenye historia iliyotangulia mauaji, kisha mauaji yenyewe, kisha yaliyofuata. Kuna chumba cha watoto chenye picha zao kubwa, na chini ya picha mambo madogo madogo: alipenda kula nini, alipenda mchezo gani, alikufaje. Nyamata na Ntarama ni makanisa ambamo watu walikimbilia wakauawa humo humo. Murambi ilikuwa shule ya ufundi inayojengwa, na baadhi ya miili imehifadhiwa kwa chokaa. Mwaka 2023 UNESCO iliziingiza Gisozi, Nyamata, Murambi na Bisesero katika orodha ya urithi wa dunia.

*Umri.* Gisozi inawafaa kidato cha tatu na kuendelea, mradi wameandaliwa. Murambi nisingempeleka mwanafunzi yeyote wa sekondari, na sioni aibu kusema hivyo. Makumbusho ya Maji Maji kule Songea yanaweza kubebwa na darasa la sita: kuna kumbukumbu ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, na simulizi lake halimlazimishi mtoto kutazama maiti.

*Ukweli.* Gisozi ina nyaraka nyuma ya kila ukuta. Kwingine unategemea mtembezaji wageni aliyepo siku hiyo. Pale Mkunazini, Unguja, soko la watumwa lilifungwa 1873 na Kanisa Kuu la Anglikana likajengwa juu yake. Sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998, watu waliofungwa minyororo ndani ya shimo, zinamgusa kila anayefika. Lakini vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kama magereza ya watumwa vina ubishi: wapo wanahistoria wanaosema jengo la juu yake ni la wamisionari, lililojengwa baada ya soko kufungwa. Hilo halipunguzi hata chembe ya ukatili wa biashara ile. Ila mwalimu anayelijua mapema atajua la kujibu mwanafunzi mjanja atakapouliza.

*Gharama.* Kwa shule ya Tanzania, Kigali maana yake ni hati za kusafiria, barua za ridhaa za wazazi, kibali cha ofisi ya elimu, basi la kukodi na malazi. Shule ya Ruvuma inaweza kwenda Songea na kurudi siku hiyo hiyo, tena bila kumnyima nafasi yule ambaye mzazi wake hana cha kuchangia.

*Waliomo darasani.* Mkunazini ni mahali ambapo somo huharibika upesi. Mtoto mwenye jina la Kiarabu anaanza kutazamwa, na mwalimu asipokuwa macho amekwisha kupanda mbegu ile ile aliyokuja kuing'oa. Dawa ni kueleza biashara nzima: mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, ndiyo, na mabwana wa Oman, lakini pia mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Mauritius na Réunion, wafanyabiashara wa Kihindi waliokopesha mitaji, na watawala wa bara waliouza mateka. Mtoto akishaona ilivyohitaji mikono mingi kiasi hicho, hawezi tena kuibandika kwa jamii moja.

*Kuvumiliana.* Mahali penyewe panampa mtoto uzito ambao kitabu hakiwezi. Maelezo ya kwa nini hayatoki ukutani, lazima yatangulie darasani na yafuatiwe na mazungumzo wakirudi.

Njia hii inawafaa wanafunzi wakubwa, shule yenye uwezo, au shule iliyo jirani na eneo la kumbukumbu.

Njia ya pili: kusikiliza ushuhuda

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1994 sasa amevuka 40. Wapo manusura ambao bado wana nguvu ya kusimulia, na si Rwanda tu. Wazee wa Ngara waliona umati ukishuka kutoka Rusumo, na baadhi yao waligawana nao maji na mihogo. Pasipo na mtu, kuna rekodi. Hifadhi ya USC Shoah Foundation, iliyoanza 1994 kwa kurekodi manusura wa mauaji ya Wayahudi, ina shuhuda zaidi ya 50,000, zikiwemo za Wanyarwanda.

Watetezi wa njia hii wana hoja ya nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walirudi vijijini kwao kuwahoji wazee kuhusu vita vya Maji Maji. Zaidi ya miaka sitini ilikuwa imepita. Bila kazi ile, tungebaki kusoma vita vyetu kwa macho ya maofisa wa Kijerumani walioteketeza mashamba na kusababisha njaa iliyoua watu wengi kuliko risasi.

*Umri.* Sauti ya mtu hujipima. Msimulizi mzoefu akiona watoto ni wa darasa la saba atasema mengine na kuyaacha mengine. Hata hivyo binadamu si kaseti: anaweza kwenda mbali kuliko mlivyopatana, au akanyamaza katikati ya sentensi na darasa zima likabaki halijui litazame wapi. Rekodi unaweza kuisimamisha.

*Ukweli.* Mtu hukumbuka sana alichokiona kwa macho yake, na hukosea tarehe na idadi. Huo si udhaifu wa kuficha. Mwalimu aliye makini huwaonyesha wanafunzi palipo na tofauti na kuwauliza kwa nini, na hapo amefundisha stadi ya historia bila kuitaja.

*Gharama.* Fedha kidogo, uangalizi mwingi. Anayelipa kwa kweli ni yule shahidi. Mwalimu anapaswa kuonana naye kabla, kukubaliana maswali yasiyoulizwa, kuhakikisha kuna mtu wa kurudi naye nyumbani, na kumpigia kesho yake kumjulia hali. Kuna shule zinazomwita mtu yule yule kila Aprili, mwezi wa kumbukumbu, kana kwamba ni kifaa cha kufundishia. Huo nao ni ukatili mdogo. Na watoto wafundishwe kumwita Mama au Mzee, wamsalimu shikamoo, wasimrukie na swali la kwanza "uliona maiti ngapi?"

*Waliomo darasani.* Njia hii ndiyo yenye hatari kubwa pale jeraha linapokuwa la majirani. Fikiria shule ya Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako tarehe 1 Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo. Watoto wa pande zote za ghasia zile wanasoma pamoja. Shahidi wa upande mmoja akisimama mbele peke yake, nusu ya darasa itajiona imeshtakiwa. Hapo afadhali kuanza na rekodi ya mbali, ya Rwanda, kisha kusogea polepole. Ila usiishie mbali, kwa sababu watoto watafikia uamuzi kwamba hayo ni mambo ya "wale".

*Kuvumiliana.* Ni vigumu kuliita kundi la watu jina baya baada ya kumsikia mmoja wao akieleza jinsi alivyompoteza mdogo wake. Katika kigezo hiki njia hii ina nguvu ya pekee, hasa msimulizi anapomtaja pia aliyemficha.

Inawafaa mwalimu aliye na uhusiano wa kweli na shahidi, na shule yenye mwalimu wa malezi na unasihi anayefanya kazi hiyo kwa vitendo, si kwa cheo.

Njia ya tatu: nyaraka darasani

Wengi huiona hii kuwa njia ya kichovu. Mimi naona imedharauliwa kupita kiasi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua hukumu ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998, ya kwanza ambamo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Akayesu hakuwa jenerali. Alikuwa mwalimu, akawa mkaguzi wa elimu, kisha meya wa Taba. Hukumu inaeleza kwamba katika siku za mwanzo za mauaji alijaribu kuyazuia katika eneo lake. Tarehe 18 Aprili 1994 alihudhuria mkutano wa mameya na viongozi wa serikali ya mpito, na baada ya hapo akageuka. Alihukumiwa kifungo cha maisha.

Aya chache tu za kisa hicho zinatosha vipindi viwili. Gawa darasa katika vikundi na uulize: kabla ya tarehe 18 alikuwa na nini mkononi, na baada yake alikuwa na nini? Ni nani walikuwa karibu naye ambao wangeweza kusema hapana? Angefanya nini kingine, na angepoteza nini? Hakuna mwanafunzi atakayesinzia. Kisha wape vipande viwili vinavyoonyesha njia iliyofika hapo: vitambulisho vilivyoandikwa kabila, ambavyo utawala wa Wabelgiji uliviingiza miaka ya 1930 na ambavyo mwaka 1994 vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani afe; na nukuu fupi za redio RTLM, iliyoanza 1993 na kuzoeza masikio ya watu kusikia jirani akiitwa mende.

*Umri.* Unachagua aya, kwa hiyo unaweza kuanza hata kidato cha kwanza. Lakini usimpe mwanafunzi hati nzima wala kumwelekeza akaitafute mwenyewe. Hukumu ile ndiyo iliyotambua kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, na ushahidi wake umeelezwa bila kufunika.

*Ukweli.* Hakuna njia inayoizidi. Mashahidi walihojiwa na upande wa pili, na kila kauli ina rekodi.

*Gharama.* Fotokopi, basi. Na usiku wako, kwa kuwa hati ziko kwa Kiingereza na Kifaransa. Anayefundisha Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo ni somo la Kiswahili, atalazimika kutafsiri aya zake mwenyewe.

*Waliomo darasani.* Hakuna anayelazimishwa kuonyesha machozi yake mbele ya wenzake. Kwa mtoto ambaye nyumbani kwao jambo hili halizungumzwi, karatasi inampa umbali anaouhitaji.

*Kuvumiliana.* Inaonyesha jinsi chuki inavyotengenezwa hatua kwa hatua: kadi, jina la dharau, orodha, kizuizi. Kasoro yake ni kwamba mwalimu mvivu ataigeuza kuwa notisi za ubaoni, na watoto watakariri tarehe bila kumkumbuka mtu hata mmoja.

Inawafaa shule nyingi kuliko zinavyodhani, hasa zenye darasa kubwa na mfuko mdogo.

Njia ya nne: igizo

Hapa nitakuwa mfupi. Kuwagawa watoto kuwa wauaji na wauawa, au kuwafungia katika chumba chenye giza ili "wahisi", ni jambo ambalo Makumbusho ya Washington yanawaonya walimu dhidi yake waziwazi, na yana haki. Watoto hucheka wakiwa na hofu, mchezo unageuka utani wa uwanjani, na aliyepewa nafasi ya muuaji hubaki na jina hilo hadi muhula uishe.

Kuna igizo la namna nyingine, la wale waliokataa. Tarehe 18 Machi 1997 washambuliaji waliingia shule ya sekondari ya Nyange, Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajitenge Wahutu na Watutsi. Wakakataa, wakasema wao ni Wanyarwanda, na baadhi yao wakauawa. Majuma sita baadaye, tarehe 30 Aprili, ikawa hivyo hivyo katika seminari ndogo ya Buta, Burundi, ambako waseminari 40 waliuawa. Tarehe 21 Desemba 2015 abiria Waislamu wa basi lililokuwa likielekea Mandera walikataa kutengwa na wenzao Wakristo mbele ya bunduki za Al-Shabaab. Mmoja wao, Salah Farah, alikuwa mwalimu. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

*Umri:* darasa la tano linaweza kuigiza kisa cha basi, mradi bunduki haionekani jukwaani na mazungumzo ya abiria ndiyo yanayobeba onyesho. *Ukweli:* ni dhaifu, kwani mazungumzo mnayatunga, na watoto waambiwe hivyo. *Gharama:* karibu hakuna, ila mazoezi hula vipindi. *Waliomo darasani:* salama kiasi, kwa sababu kila mtoto anapewa upande wa kujivunia. *Kuvumiliana:* inaingia vizuri, lakini peke yake inadanganya kidogo, maana inamwacha mtoto akiamini kwamba watu wengi walikataa. Hawakuwa wengi.

Inawafaa shule za msingi na vilabu vya shule.

Uchague ipi kwa hali yako

Kama unafundisha shule ya msingi, anza na visa vya waliokataa, kwa igizo au ngonjera, na uache picha za maiti kabisa. Walio Ruvuma waongeze Songea. Hata habari ya Rais Steinmeier wa Ujerumani kuja pale Novemba 2023 na kuomba msamaha ina la kuwafundisha watoto wa darasa la saba.

Kama una kidato cha tatu au cha nne, wanafunzi sabini na vipindi vinne, chukua nyaraka kwa vitatu na ushuhuda uliorekodiwa kwa kimoja, kwa mpangilio huo. Sauti ikitangulia, karatasi hazisomwi.

Kama shule ina uwezo wa kwenda Kigali, nenda, ila tenga vipindi viwili kabla na kimoja baada, na yule asiyetaka kuingia chumba fulani aruhusiwe kubaki nje na mwalimu bila kuulizwa sababu.

Kama uko mahali ambapo jeraha bado ni bichi na pande zote zimo darasani, usimlete shahidi mmoja. Walete wawili au usilete yeyote, na uwashirikishe kamati ya shule na viongozi wa dini zote za eneo kabla ya somo, si baada ya malalamiko.

Kama wewe ni mzazi na shule haijagusa jambo hili, usianze na video za mtandaoni. Mpe mtoto kisa kimoja, cha Nyange kwa mfano, mzungumze, na usubiri aulize mwenyewe.

Na kama unajua, au unahisi tu, kwamba kuna mwanafunzi ambaye wazazi wake walivuka Rusumo, au walikaa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, au hawapendi kusema walikotoka, zungumza na mzazi au mlezi wake kabla hujaandika andalio la somo. Mwulize angependa nini kisemwe na nini kisisemwe, na kama angependa mwanawe awepo siku hiyo au akae maktaba.